Waridi Lisilonukia

Mama,

Wewe ulisoma Kurani na herufi zake, hizi zetu za shuleni ulisema zimekaa kama siafu waliopotea njia. Barua za mwanao Salimu alipokuwa safarini na kazi ya reli nilikusomea mimi, na nikifika penye maneno aliyoniandikia mimi peke yangu ulinikatiza, "Ruka hapo." Kwa hiyo najua hii hutaisoma. Naiandika kwa sababu kuna jambo nimeambiwa nikuombe mwenyewe, na kaburini kwako nilikwenda, nikashindwa kufungua mdomo. Nikakaa, nikang'oa magugu, nikarudi nyumbani.

Habari ya kwanza ni kwamba waridi limekatwa. Mwanao ameamua kujenga ukuta wa matofali pale penye ua wa mabati, kama walivyofanya wenzake wengi hapa Mabawa tangu saruji ianze kupatikana dukani bila kibali. Fundi alikuja, akalitazama lilivyolala juu ya ua mzima kutoka chooni hadi njiani, akasema yeye kwa miba ile hasogei. Nikashika panga mimi. Kukata kulinichukua asubuhi nzima, na mikono yangu mpaka leo ina makovu.

Unakumbuka lilivyofika? Mimi nalikumbuka kuliko harusi yangu. Nilishuka kwenye basi la Lushoto na sanduku moja, na gunia bichi lililofungwa kwa magome ya mgomba, ndani mna vijiti vitano. Baba yangu alitunza bustani ya misheni tangu ujana wake na hakuwa na kitu kingine cha kunipa. Miaka ile hata kanga ilipatikana kwa kujuana. Hakupenda nisilimu, wala hakupenda nishuke pwani, lakini vijiti alivikata kwa mkono wake, akaniambia, "Hili ni la kupanda. Likipata pa kushika halikuaibishi." Wewe ulitoka barazani, ukaniangalia, ukaliangalia gunia, ukamuuliza Salimu, "Mkeo kaja na kuni?"

Vijiti vinne vilikufa. Cha tano kilishika kwenye kona ya choo, mahali ulipopachagua wewe kwa sababu, ulisema, hapaharibiki kitu. Lilipochanua mara ya kwanza nilikuita uje utazame. Lilikuwa jekundu la kaa la moto ukingoni, na katikati manjano ya kiini cha yai, yaani rangi ambayo hata mtu anayepita njiani asingeweza kulipita. Uliinama ukanusa. Ukanusa tena upande wa pili, labda harufu imejificha huko. Ukainuka, ukasema, "Ua lisilonukia ni kama mgeni asiyesalimia." Tangu siku hiyo ukaliita Mshambaa. Ukiuliza asubuhi, "Mshambaa kaamkaje?" nilikuwa sijui nijibu mimi au nikaulize uani.

Mlimani kwetu ua ni la macho. Sikujua kwamba nimeingia nyumba ambayo ua ni la pua. Mwasumini wako ulikuwa katikati ya uwanja, mnene, mkongwe, ulioachiwa na mama yako, na kila alasiri Bi Mwanaidi, jirani na shoga yako, alipenya kwenye upenyo wa ua na ungo wake, mkakaa jamvini mkachuma, mkatunga vikuba vya kuchomeka nyweleni na kifuani: asumini, mrehani, kikonyo cha waridi dogo la marashi. Sukari ilikuwa haipo, unga wa kupanga foleni, sabuni ndiyo usiseme, lakini harusi zilikuwapo na wanawake walitaka kunukia. Nyinyi wawili mlifanya kazi moja kwa mikono minne. Mmoja akianza sentensi, mwingine aliimaliza, tena kwa ubishi. Nilikuwa nikiwatazama kutoka jikoni nikawaonea wivu, maana mimi Tanga sikuwa na hata mtu mmoja wa kubishana naye.

Na mimi ulikuwa hujanitaka. Nalisema bila kinyongo, wewe mwenyewe hukulificha. Ulimtaka mtoto wa dada yako wa Moa. Siku ya saba baada ya harusi nilikuwa nyuma ya pazia nikipepeta mchele, nikakusikia ukimwambia Bi Mwanaidi, "Mie nampa mwaka. Kitu kimoja tu akiniharibia humu ndani, wallahi, anapanda basi na miba yake." Hukuwa mtu wa kuapa ovyo. Bi Mwanaidi akajibu, "Mtoto wa watu huyo, Fatuma." Ukamwambia, "Nami ni mtoto wa watu." Nikaendelea kupepeta.

Sasa nifike pale ninapopakimbia.

Mwezi wa kumi wa mwaka huo ulionipa, ulikwenda Moa kwenye msiba, ukaniachia nyumba. Salimu alikuwa safarini. Nilikuwa na mimba changa ambayo nilikuwa sijamwambia mtu. Mwasumini ulikuwa umepunguza maua, nilikusikia ukilalamika, na mimi nikaona nafasi yangu ndiyo hii: nikutengenezee mti wako, urudi uukute umejaa. Nilitaka kusifiwa, Mama. Hata kidogo.

Baba alikuwa na desturi yake. Waridi likizeeka, alifukua udongo shinani, akaiacha mizizi wazi siku tatu ipigwe na hewa, ipumzike. Kisha akakata matawi, akatia samadi, akafukia. Baada ya hapo lilichanua kama limepagawa. Waridi langu lilikuwa bado changa, sikulifanyia hivyo. Lakini mwasumini wako ulikuwa mtu mzima. Nikachukua jembe, nikaufukua pande zote mpaka mizizi ikaonekana, nikauacha. Jua lilikuwa lile la kaskazi, na bomba lilikuwa halijatoa maji wiki nzima. Mlimani kwetu mizizi ikifunuliwa hupata ubaridi na ukungu. Hapa Mabawa niliianika kama dagaa.

Siku ya tatu majani yakainama. Nikaogopa, nikarudisha udongo, nikamwagia maji ya kunywa yaliyokuwa mtungini, nikafagia juu pasionekane alama ya jembe. Matawi hata sikuthubutu kuyagusa. Ulirudi Ijumaa. Jumatatu majani yalikuwa manjano, na ile Ijumaa ya pili mti ulikuwa umekauka.

Nilikuwa nimejipanga kukuambia. Hili niamini ukitaka, usipotaka usiniamini. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mikono nimeifuta kwenye kanga, nimevuta pumzi. Lakini wewe ulikuwa umeinama kwenye shina, ukachota udongo, ukaunusa, kama ulivyonusa kila kitu. Ukainuka ukatazama kwa jirani. Bi Mwanaidi miezi ile alikuwa akichemsha sabuni ya kuuza, na ile dawa kali aliyochemshia ilikuwa ikimtoa ngozi vidoleni, na maji machafu aliyamwaga karibu na ua. Uliita, "Mwanaidi!" Akaja, akasimama kwenye upenyo, mikono mitupu.

"Sabuni yako imeniulia mti wa mama yangu."

Alitazama mti. Akatazama chini. Kisha, na hili sikulielewa kwa miaka, akanitazama mimi mlangoni, kwa muda mfupi tu. Akasema, "Kama ni sabuni yangu, nisamehe."

"Kama?" ukasema. "Kama?"

Ukamwambia asikanyage tena uwanjani kwako, naye akarudi kwake. Nami nikarudi jikoni, nikawasha moto ambao haukuwa na kitu cha kupika.

Nilijiambia mtapatana. Nilijiambia nikijifungua nitasema, mtoto akitembea nitasema. Uongo ukilala nawe nyumba moja unauzoea, unafagia hata pembeni yake. Ulichokifanya wewe ndicho kilichonimaliza: uligeukia waridi. Ulisema udongo wa uwanja ule umetiwa sumu, na kilichoweza kuishi ndani yake ni kile tu kilicholetwa na mke wa mwanao. "Mshambaa kaishinda sumu," uliwaambia wageni, na kwa mara ya kwanza jina lile lilitoka kinywani mwako kwa upole. Ukaanza kuniuliza habari zake. Nikakufundisha la Baba: tawi ukiliacha lisimame wima hukupa majani, ukililaza ubavu hutoa maua urefu wake wote. Tulikuwa tukisimama pamoja uani, wewe umeshika tawi, mimi nafunga kwa vitambaa vya kanga chakavu, na miba ikikuchoma unanisonya mimi. Tawi la kwanza refu ulililaza wewe mwenyewe, ukalipitisha pale penye upenyo. Mwaka uliofuata pakawa hapapitiki.

Zuhura alipozaliwa ulimbeba mbele yangu sijamshika. Ule mwaka ulionipa ulikuwa umeshapita, wala hukuukumbuka. Ulinipenda, Mama. Nililijua hilo, na kila uliponipenda nilijua ni kwa nini, na chakula ulichonitilia kingi kuliko cha mwanao kilikuwa kinanikwama.

Kisha ikaja ruksa ya kuleta bidhaa kutoka nje. Maduka yakajaa, sabuni za kila rangi, mitumba, manukato ya Dubai kwenye chupa zenye umbo la mwanamke. Watunga vikuba wengi waliacha kazi, na Bi Mwanaidi aliacha sabuni, maana nani atanunua ya kuchemsha? Ila na kamera za video zilikuja. Harusi isiyopigwa video haikuwa harusi, na mpiga picha alitaka rangi. Siku ile mama wa bibi harusi alipokuja kuuliza kama ni kwetu lilipo lile waridi la moto, uliniangalia, ukacheka mpaka ukakaa chini. "Kamera haina pua," ulisema. Ukawa unayatunga maua yangu na mrehani wako, rangi ya Mshambaa, harufu ya Mtanga, na watu wakatoka mpaka Tongoni kuyafuata. Ulitunga peke yako. Ukianza sentensi, ulijimalizia mwenyewe.

Ng'ambo ya waridi tulikuwa tukimsikia Bi Mwanaidi akikohoa, akichota maji, akimfukuza kuku. Sikukuu nilimpelekea sahani kwa kuzunguka njia kuu, nikikwambia inakwenda kwa mtu mwingine. Alipokea, akasema, "Ahsante, mwanangu," akarudisha sahani na kitu ndani yake. Hakunisema. Hakuuliza.

Na lile la mwisho. Ulikuwa umelala ukumbini, mguu mmoja umevimba, nakupepea, alasiri saa ya kutunga. Ukaniuliza ukiwa umefumba macho, "Mwanaidi hajambo?"

Nikasema, "Hajambo, Mama."

Hukulala, niliona kope zako. Ulikuwa unangoja. Neno moja tu lilitosha, "Nimwite?" na ningetoka mbio hata bila kanga kichwani. Lakini akija mtaongea, na mkiongea mtafika kwenye mti. Nikaendelea kupepea. Baada ya muda ukasema, "Basi vizuri," ukageukia ukutani. Siku nne baadaye ulikufa.

Hukumwona aliyekuja kukuosha, kwa hiyo nakueleza. Hakuitwa. Alizunguka njia kuu, akaingia chumbani, akakunja mikono ya nguo yake, akamwambia yule mwoshaji, "Kichwa mie." Alikusuka nywele mikia mitatu, polepole, kama hataki kukuamsha. Kabla ya jeneza kutoka, palipoombwa radhi, kwamba yeyote ambaye marehemu alimkosea amsamehe, nilimsikia nyuma yangu akisema kwa sauti ya kawaida, "Nilishamsamehe zamani." Nilidhani moyo utanisimama. Haukusimama. Nikapika pilau ya watu mia.

Sasa ni mwezi uliopita. Nimekata waridi, nimeburuta matawi, ule upenyo umefunguka, na nyuma yake, hatua sita kutoka nilipo, amekaa Bi Mwanaidi kwenye kigoda anachambua mchele. Amezeeka, Mama. Jicho lake moja limeingia ukungu. Miaka mingi hatukuwa tumetazamana uwanja kwa uwanja bila kitu katikati. Nikamwamkia, "Shikamoo." Akaitikia, "Marahaba," akaendelea na mchele. Panga lilikuwa bado mkononi mwangu.

Nikasema, "Ule mwasumini haukufa kwa sabuni yako."

"Najua."

"Niliufukua mizizi mimi."

"Nilikuona," akasema. "Siku ya kwanza nilidhani unazika kitu. Siku ya pili nikasema labda ndiyo dawa ya kwao. Siku ya tatu nikaja mpaka pale nikuambie ufukie, nikakukuta ushaanza kufukia, unalia. Nikarudi."

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Alitupa kokoto kando, akatafuta nyingine.

"Fatuma alikuwa keshaapa mbele yangu. Na wewe kila alfajiri ulikuwa ukitapika nyuma ya choo, unadhani mie kiziwi. Ningesema, ungepanda basi na mimba yako." Akapeta ungo mara mbili. "Nilidhani atanuna mwezi mmoja. Fatuma alikuwa hajapata kuninunia kupita mwezi."

Nilikaa chini pale pale kwenye miba. Nililia kwa sauti, mtu mzima mimi, mama wa watoto wanne, na fundi akaondoka kwa adabu akajifanya anatafuta kamba. Bi Mwanaidi aliniacha nilie. Nilipomaliza nikamwomba radhi, nikamwomba kwa Mungu na Mtume wake. Akasema, "Yangu nishakupa siku ile ile. Ya Fatuma siwezi kukupa. Kaombe mwenyewe."

Ndiyo naiomba, Mama. Nisamehe mti wa mama yako. Nisamehe mapenzi yako niliyoyala kwa jina lisilo langu. Nisamehe alasiri ile ya kupepea kuliko yote, maana mti niliuua kwa kutojua, lakini ile alasiri nilijua.

Sijui nitapata jibu lipi, na siandiki ili nijipe jibu mwenyewe. Salimu nimemwambia. Siku ya tatu akaenda kumwamkia Bi Mwanaidi, akakaa huko mpaka adhana ya alasiri. Kazi ya ukuta tumeiacha kwanza. Mimi huenda kila siku kumchambulia mchele kwa sababu ya lile jicho, na ananisimulia mambo yako ya usichana ambayo wewe mwenyewe usingeniambia hata kwa fimbo. Anakusema vibaya sana. Anakusema kama mtu anayekutegemea uingie wakati wowote umkatize.

Lakini kama huko mliko hufikiwa na habari za huku, na kama mtu huruhusiwa kuchagua ipi itangulie, basi langu la radhi acha lingoje. Ianze kukufikia hii: shogayo hakukukosea. Alikuwa ng'ambo ya ua miaka yote ile, na alikuwa akingoja umwite.

Mungu akulaze pema, Mama, na akupe subira nami.

Mkazamwanao